Vumbi lilipotua, watu waliendelea kuondoka: kisa cha Kaunti ya Cimarron, Oklahoma

Mwaka 1930 sensa ya Marekani ilikuta watu 5,408 katika Kaunti ya Cimarron, pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Oklahoma. Mwaka 2020 ilikuta 2,296. Mtu aliyeisikia historia ya nyanda za kusini za Marekani kwa juu juu atajibu papo hapo kwamba vumbi la miaka ya thelathini, upepo ulipourusha udongo wa mashamba, ndilo lililowafukuza. Nami niliamini hivyo mpaka nilipozipanga sensa zote kwa mfuatano. Mwaka 1940 kulikuwa na watu 3,654. Mwaka 1950 walikuwa 4,589. Yaani vumbi lilipotua, idadi ilipanda. Kisha ikaanza kushuka, na haijasimama hadi leo: 4,496, 4,145, 3,648, 3,301, 3,148, 2,475, 2,296.

Zitazame vizuri namba hizo. Miaka ya hamsini nyanda hizi zilipata ukame mkali mno, na upepo ukarusha udongo tena. Muongo huo wote kaunti ilipungukiwa na watu 93 tu. Lakini kati ya 2000 na 2010 walipungua 673. Kuanzia 1950 hadi 2020 imeondoka nusu ya watu, taratibu, bila picha za magazeti na bila wimbi la misaada. Hilo ndilo swali la uchambuzi huu. Kama kaunti ilistahimili vumbi, ni nini kilichoipunguza baadaye?

Jibu langu naliweka mapema ili msomaji alipime njiani. Udongo uliokolewa, na uliokolewa vizuri. Ila kila hatua iliyouokoa ilifanywa kwa hesabu ya ekari, na hakuna aliyeketi kuhesabu ni watu wangapi wanahitajika ili mji uendelee kuwa mji.

Ardhi yenyewe

Cimarron ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4,750, karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Kwa idadi ya leo, ni kama mtu mmoja kwa kila kilomita mbili za mraba. Inapakana na majimbo manne mbali na lake: Kansas, Colorado, New Mexico na Texas. Makao makuu ni Boise City, na kutoka hapo mpaka Oklahoma City, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 500. Santa Fe, mji mkuu wa New Mexico, uko karibu zaidi. Kijiji cha Kenton, chini ya mlima wa Black Mesa, hakifuati hata saa ya jimbo lake. Saa zao ziko nyuma kwa saa moja, pamoja na watu wa New Mexico na Colorado.

Mvua ni milimita 450 hivi kwa mwaka, chini ya ile ya Dodoma. Tena huo ni wastani, na mkulima yeyote wa nchi kavu anajua kwamba wastani haupandwi shambani. Kuna mwaka wa neema, kuna mwaka wa kiasi, halafu inakuja miaka minne mfululizo ambayo mawingu yanapita bila kushuka. Nyasi fupi za asili zilikuwa zimezoea mwendo huo. Mizizi yake iliushika udongo hata majani yalipokauka kabisa, na nyati, kisha ng'ombe, waliishi juu yake.

Watu walikuja kwa sababu waliambiwa waje. Mwaka 1908 kampuni moja ya uuzaji ardhi iliuza viwanja 3,000 vya Boise City kwa vipeperushi vilivyoonyesha barabara za lami, miti kandokando na kisima kinachobubujika. Wanunuzi waliposhuka walikuta mbuga tupu. Hata ardhi yenyewe haikuwa mali ya kampuni. Wakuu wake walishtakiwa kwa ulaghai kupitia posta na kufungwa katika gereza la Leavenworth. Wanunuzi wengine walirudi makwao, wengine wakakaa na kuujenga mji kwa mikono yao. Watu hawa nawaheshimu sana. Waliuziwa uongo, wakaamua kuufanya uwe kweli.

Kulikuwa na udanganyifu wa pili, mkubwa kuliko huo, na huu haukuwa wa matapeli. Sheria ya makazi ya 1862 iliipa familia ekari 160. Kipimo hicho kilitoka mashariki, kwenye mvua za kutosha. Lakini mwaka 1878 John Wesley Powell, mtafiti wa nchi kavu za magharibi, alikuwa ameiandikia serikali kwamba katika maeneo kama haya familia ya mfugaji inahitaji ekari 2,560, mara kumi na sita ya kile kipimo. Ripoti yake haikufuatwa. Kwa hiyo tangu mwanzo ardhi ya Cimarron iligawiwa watu wengi kuliko inavyoweza kuwalisha, na waliogawiwa hawakuambiwa.

Ngano

Mwenye ekari 160 pasipo mvua hana njia ya kuishi kwa ng'ombe wachache, basi hulima. Vita Kuu ya Kwanza vilipoipandisha ngano ya Marekani zaidi ya dola 2 kwa busheli, yaani dola 7 na ushei kwa gunia la kilo 100, kila mtu alilima. Yalikuja matrekta, yakaja plau za diski zilizokata haraka na kuusaga udongo kuwa laini. Miaka ya ishirini mvua zilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyowaponza. Mkulima aliyeanza 1922 alikuwa na miaka minane ya ushahidi kwamba alichagua vyema. Walikuwapo pia wakulima wa masanduku, kama walivyoitwa: mtu wa mjini anakuja na sanduku lake, analima, anapanda, anarudi mjini, anatokea tena wakati wa kuvuna. Mwaka ukiwa mbaya harudi kabisa, na shamba linabaki wazi kwa upepo.

Mwaka 1931 mavuno yalifurika, na bei ikaporomoka chini ya nusu dola kwa busheli. Gunia lile la dola 7 likawa halifiki dola 2. Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa kizima. Mwenye deni la trekta hakupunguza kulima bei iliposhuka, aliongeza, kwa kuwa benki ilitaka kiasi kilekile cha fedha na sasa kilihitaji magunia mara nne. Aliyelegea alinyang'anywa. Kwa hesabu ya kila mtu peke yake, kulima zaidi kulikuwa jambo la akili. Kwa hesabu ya kaunti nzima kulikuwa kuivua nchi nguo yake, na mwaka 1932 mvua ikakata.

Msomaji wa Kongwa ataitambua sura hii. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Tanganyika na mpango wa karanga uliolenga ekari milioni 3 na robo, kwa matrekta na fedha za hazina yao, katika udongo ambao jua likiupiga baada ya mvua unakuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 waliuacha, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Wagogo waliijua nchi yao, na hawakuulizwa. Kongwa mzigo wa hasara ulibebwa na hazina ya London. Cimarron ulibebwa na familia moja moja.

Vumbi

Sitakaa sana hapa, maana sehemu hii ndiyo iliyosimuliwa kuliko zote. Alasiri ya Jumapili tarehe 14 Aprili 1935, siku iliyokuja kuitwa Jumapili Nyeusi, ukuta mweusi wa udongo ulishuka kutoka kaskazini na kuifanya mchana kuwa usiku. Wanahabari wawili walikuwa barabarani karibu na Boise City ulipowafikia, na mmoja wao, Robert Geiger, katika habari alizotuma siku zilizofuata, alilitumia jina ambalo dunia imelishika: Bakuli la Vumbi. Mwaka mmoja baadaye, humu humu Cimarron, mpiga picha wa serikali Arthur Rothstein alimpiga picha mkulima akipambana na upepo pamoja na wanawe wawili, mdogo amebaki nyuma amejiziba uso kwa mkono.

Watu walitundika shuka zilizoloweshwa maji madirishani. Sahani zilipangwa kifudifudi mezani mpaka chakula kiwe tayari. Hewa ilijaa umeme hata watu wakaogopa kupeana mikono, na magari yaliburuta minyororo ili umeme ushuke ardhini. Watoto na wazee walikufa kwa nimonia ya vumbi. Mwaka 1934 serikali ilinunua ng'ombe waliokuwa wakifa njaa kwa bei isiyozidi dola 20 kwa ng'ombe, na wale dhaifu mno walipigwa risasi palepale. Mfugaji yeyote anayesoma hapa anajua uzito wa kusimama pembeni ukatazama.

Katika muongo huo kaunti ilipoteza theluthi ya watu. Ila theluthi mbili walibaki, jambo linalosahaulika kwa sababu kumbukumbu ya taifa imewachanganya na wale waliokwenda California. Wengi wa wahamiaji hao walitoka mashariki na kusini mwa jimbo, kwenye pamba na mashamba ya kukodi, wala hawakutoka huku kwenye vumbi zito. Waliobaki Cimarron walishikiliwa na mambo mawili. Ardhi ilikuwa yao, ijapokuwa ina deni. Na kuanzia 1933 serikali kuu ilianza kuwalipa wakulima wa ngano wapunguze ekari, hivyo hundi ilifika hata mwaka ambao shamba halikutoa kitu.

Uokoaji

Tarehe 27 Aprili 1935, majuma mawili kasoro siku moja baada ya Jumapili Nyeusi, Rais Roosevelt alitia saini sheria iliyoanzisha Idara ya Kuhifadhi Udongo chini ya Hugh Bennett. Wataalamu wake walifundisha kulima kwa kufuata mkingamo wa ardhi, kuchimba matuta marefu ya kukata upepo, kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma. Mwaka 1937 Oklahoma ilipitisha sheria ya kuwawezesha wakulima kuunda wilaya zao za hifadhi. Mantiki yake ilikuwa wazi kwa kila aliyeishi hapo: shamba la jirani likiachwa wazi, vumbi lake linakuja kulifukia lako, hata kama wewe umelima kwa uangalifu wote. Serikali ilinunua pia mashamba yaliyoharibika kupita kiasi, ikayarudisha kwenye nyasi. Sehemu yake leo ni mbuga ya taifa ya Rita Blanca, na wafugaji hulisha ng'ombe humo kwa kibali.

Naamini hii ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanywa na serikali kwa wakulima. Iliukiri ukweli aliouandika Powell miaka sitini kabla. Lakini tazama inavyomaanisha kwa watu. Ukikubali kwamba familia inahitaji ekari elfu mbili na zaidi, umekubali kwamba familia nyingi zilizopewa 160 hazina nafasi. Hilo halikutamkwa hadharani. Liliachwa litekelezwe na mnada.

Kupungua

Vita vya pili viliirudisha bei, na mvua ikarudi pia. Wakaja na wachimbaji wa gesi, na mwaka 1959 serikali kuu ilifungua kiwanda cha heliamu karibu na Keyes. Pampu zenye nguvu ziliyafikia maji ya chini sana. Hayo yote, pamoja na ustadi mpya wa kutunza udongo, ndiyo yaliyofanya ukame wa miaka ya hamsini uondoe watu 93 tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi, na si kwa Cimarron pekee. Trekta linakuwa kubwa zaidi, mtu mmoja na mwanawe wanalima maelfu ya ekari. Faida kwa ekari ni ndogo, basi njia ya kubaki ni kuwa na ekari nyingi. Mzee jirani anafariki, watoto wake wako Amarillo au Denver, shamba linapigwa mnada na anayelinunua ni yule mwenye mashamba tayari. Malipo ya serikali yanafuata ekari, kwa hiyo mwenye nyingi anapata hundi kubwa na uwezo zaidi wa kununua katika mnada unaofuata. Katika mlolongo huo sioni mtu mbaya wa kumnyooshea kidole. Kila mnunuzi aliokoa familia yake. Lakini nyumba iliyonunuliwa pamoja na shamba haihitajiki tena, na hakuna mtoto anayetoka humo asubuhi kusubiri basi la shule.

Mwaka 1985 Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa kumlipa mkulima kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15 ili ardhi inayomomonyoka ipandwe nyasi na iachwe ipumzike. Kwa udongo ulikuwa baraka. Ndege wa mbugani walirudi, upepo ulikosa cha kubeba. Ila ekari iliyolala haihitaji mbegu, dizeli, fundi wala dereva wa msimu. Mwenye ardhi anaweza kuipokea hundi yake akiwa anaishi mjini, kilomita 200 kutoka shambani. Muuza vipuri hawezi. Sheria iliweka kikomo cha robo ya ardhi ya kilimo ya kila kaunti kwa sababu hiyohiyo, jambo linaloonyesha kwamba hatari ilijulikana. Kwa kaunti kubwa yenye miji mingi, robo inavumilika. Kwa kaunti yenye duka moja la kila kitu, robo ndiyo iliyokuwa faida ya duka.

Huduma hazipungui pole pole kama watu. Zinakatika kwa mkupuo. Hospitali yenye daktari wawili ikibaki na mmoja, bado ni hospitali. Huyo mmoja akiondoka, mama mjamzito ana safari ya saa mbili. Shule ndogo za huku hucheza futiboli ya Marekani kwa timu ya vijana wanane badala ya kumi na mmoja, kwa kuwa wanane ndio wanaopatikana. Nimewahi kuona watu wakilichukulia hilo kama kichekesho. Mimi naliona kama ushahidi wa watu walioamua kwamba Ijumaa jioni itaendelea kuwapo.

Kaunti jirani ya Texas, ndani ya Oklahoma hiyohiyo, ilipita njia nyingine. Sheria ya jimbo ililegezwa 1991 kuruhusu makampuni makubwa ya ufugaji wa nguruwe, na miaka michache baadaye mji wake wa Guymon ukapata kiwanda kikubwa cha nyama. Watu wa kaunti ile walitoka 16,419 mwaka 1990 wakafika 20,107 mwaka 2000. Walikuja wafanyakazi kutoka Mexico na Guatemala, baadaye wakimbizi kutoka Asia na Pembe ya Afrika. Kazi ni ngumu, harufu ya mabwawa ya samadi ni kali, na nguruwe hunywa maji yaleyale ya chini ya ardhi. Hata hivyo madarasa ya Guymon yamejaa. Siipendekezi njia hiyo kwa kila mahali. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kupungua kwa Cimarron hakukuwa amri ya hali ya hewa. Mawingu ya kaunti hizi mbili ni yaleyale.

Maji

Sasa linalonitia wasiwasi. Chini ya nyanda hizi kuna tabaka la maji liitwalo Ogallala, linaloenea chini ya majimbo manane. Maji yake ni ya kale, na upande wa kusini mvua inayopenya kuyajaza ni kidogo sana. Mwaka 1952 mkulima Frank Zybach alipata hataza ya mtambo wa kunyunyizia unaozunguka wenyewe, na tangu hapo ukipita angani unaona duara za kijani ndani ya miraba ya ekari 160, kila duara ekari 130 hivi, pembe zake nne zimebaki kavu. Duara hizo hulisha mahindi na mtama, mahindi na mtama hulisha ng'ombe na nguruwe. Bila pampu, sehemu kubwa ya uchumi huo haipo.

Katika Oklahoma maji ya chini ni mali ya mwenye ardhi iliyo juu yake. Sheria ya jimbo ya 1973 ilipanga viwango vya uchotaji ikilenga kila hodhi la maji ya chini lidumu angalau miaka 20. Niliusoma mstari huo mara mbili. Miaka 20 ni umri wa mtoto kutoka kuzaliwa mpaka kumaliza shule na kuamua kama atabaki. Ni mantiki ya 1931 imerudi: anayezima pampu yake ili kuweka akiba hajiwekei yeye, kwa maana maji hayajui mpaka wa shamba, na jirani mwenye deni ataendelea kuchota. Tofauti ni kwamba vumbi lilionekana. Lilifunga mlango wa kila nyumba, ndiyo maana mwaka 1937 watu walikubali kufungana mikono kwa hiari. Kina cha maji kinachoshuka hakionekani mezani.

Lipo jaribio moja ninalotamani lizungumzwe zaidi. Kaskazini-magharibi mwa Kansas, katika Kaunti ya Sheridan, wakulima wa eneo la maili za mraba 99 waliitumia sheria ya jimbo lao ya 2012 kujiwekea kikomo. Kuanzia Januari 2013 kila ekari ilipewa inchi 55 za maji kwa miaka mitano, milimita 280 hivi kwa mwaka. Mtu aliachiwa azigawanye anavyotaka: nyingi mwaka wa ukame, chache mwaka wa mvua. Kikomo walikipendekeza wenyewe, na kila mmoja alijua kwamba jirani naye amefungwa. Wengine walipunguza mahindi wakapanda mtama na ngano zaidi, wengine wakaanza kupima unyevu wa udongo kabla ya kuwasha pampu. Uchotaji ulishuka kwa zaidi ya moja ya tano, na faida yao haikuanguka chini ya ile ya majirani walio nje ya mpaka. Miaka mitano ilipokaribia kwisha walikuwa huru kurudi kwenye desturi ya zamani. Waliomba kikomo kiendelee mitano mingine.